Waya Uliobanwa na Mlango

Katika duka letu la kompyuta pale Kariakoo, fundi mwanamke nilikuwa peke yangu, na ndiyo maana bosi akanituma Upanga.

"Ni mama wa Kihindi, mjane, anaishi peke yake," aliniambia. "Nimeshapeleka mafundi wawili wanaume, wote kawakatalia wasiingie chumba cha marehemu. Nenda wewe."

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Shangazi yangu, aliyenipokea nilipotoka Masasi, alikuwa akinionyesha maduka ambayo zamani alipanga foleni kutafuta sukari na sabuni. Sasa yalikuwa yamejaa televisheni na spika za mzigo wa Dubai. Mwenye uwezo alinunua kompyuta, na mwenye uwezo zaidi alinunua mbili. Nilifunga bisibisi na koleo zangu kwenye mkoba, nikakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu.

Ghorofa aliyokaa mama yule haikuwa na lifti. Nilipanda hadi ya tatu, na kila nilipopinda ngazi nilikuta michirizi ya maji sakafuni, maana mabomba yalikuwa makavu na watu walikuwa wakichota chini kwa ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?" Alinitazama toka kichwani hadi viatuni. "Haya, ingia mwanangu."

Alikuwa mwembamba, amevaa sari nyeupe, na alizungumza Kiswahili cha mtu aliyezaliwa hapahapa. Alinieleza kwamba mumewe alikuwa mpenzi wa muziki. Nyimbo zao zote za ibada na za filamu za zamani zilikuwa kwenye kanda, na mwaka wake wa mwisho alifanya kazi moja tu akiwa nyumbani: kuzihamishia kwenye kompyuta, kanda baada ya kanda, zikicheza mwanzo hadi mwisho. Kompyuta kubwa ilikuwa chumbani kwake mwisho wa ukumbi. Ndogo ilikuwa sebuleni, imeunganishwa na spika mbili. Waya mrefu uliziunganisha zote mbili, ili mkewe asikilize nyimbo akiwa sebuleni bila kugusa kanda hata moja. Miezi mitano iliyopita alianguka ngazini, akafa palepale.

"Na muziki una tatizo gani, mama?"

"Unakatika. Kama mtu anayebana pumzi. Halafu unarudi. Wakati mwingine haurudi kabisa, naanza tena wimbo wa kwanza. Hilo tu ndilo alilonifundisha, kubonyeza hapa."

"Unakatika wakati wote?"

"Asubuhi hapana. Alasiri." Alitupa jicho upande wa ukumbini. "Alasiri anapita."

Hakusema unapita. Alisema anapita. Sikutaka kujua kama amekosea au amekusudia.

Nilianza na chumba cha marehemu. Miwani yake ilikuwa bado mezani, imefunguliwa mikono. Nilicheza nyimbo tatu kwenye ile kompyuta kubwa yenyewe, na zote zilikwenda safi. Kwa hiyo nyimbo zilikuwa nzima, ugonjwa ulikuwa njiani. Nikabadilisha kadi ya mtandao kwenye kompyuta ndogo. Nikabadilisha vichwa vya waya huku na huku. Muziki ukatiririka sebuleni bila kasoro, lakini ilikuwa saa tano asubuhi, na mama alinitazama kama mtu anayejua kwamba sijafanya lolote.

"Subiri," akasema. Akanipa chai ya tangawizi na sahani ya chapati.

Ilipofika saa tisa na nusu, mwimbaji alikatika katikati ya neno. Nyumba ikawa kimya. Katika ukimya ule nikasikia, kule ukumbini, kitu kikigonga polepole, mara moja, kama mtu anayeegemea mlango kwa bega. Kisha sauti ikarudi. Mama hakugeuka hata kidogo. Alikunja tu ncha ya sari yake vidoleni.

Nilisimama nikaenda ukumbini kwa sababu niliona aibu kuogopa mbele yake. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mlango wa mbao katikati ya ukumbi, na upepo wa bahari wa alasiri ulioingilia dirisha la jikoni ulikuwa ukiusukuma, ukiuachia, ukiusukuma tena. Nilipiga magoti. Waya ulipita chini yake, karibu na bawaba. Kila mlango ulipojisogeza uliubana. Ganda lilikuwa limesagika, na nyuzi za shaba zilichungulia.

Nilimwita nikamwonyesha. Aliinama, akaugusa kwa kidole kimoja.

"Ni mlango," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni upepo tu."

Aliondoa kidole, nami nikajiona kama niliyemnyang'anya kitu. Hata hivyo kazi ni kazi. Nilivuta waya mpya, nikaupitisha juu ya fremu na kuupigilia vibanio ukutani. Kisha, kama mafundi tunavyofanya, nikaacha muziki uendelee pale ulipoishia, muda mrefu, ili nihakikishe. Mama alikaa kwenye kochi. Ndipo nilipotambua kwamba kwa miezi mitano, kwa kuwa kila alasiri mashine ilimkwamia naye akarudi wimbo wa kwanza, alikuwa hajawahi kufika mwisho wa orodha ile. Zilipita nyimbo alizozijua. Zikaja ambazo hakujua kama mumewe alizihamisha. Alitabasamu, akapigapiga paja kufuata ngoma.

Halafu, chini ya wimbo wa ibada, mwanamume alikohoa.

Mama aliacha kupiga paja. Sauti ile haikuwa ya mwimbaji. Ilikuwa karibu, ya chumbani, ikizungumza Kigujarati polepole na kunyamaza, kuzungumza na kunyamaza, kama mtu aliye kwenye simu. Nilielewa mara moja kilichotokea: siku ile alipokuwa akihamisha kanda alisahau kuzima maikrofoni, nayo ikamrekodi pamoja na wimbo. Neno moja tu nililishika, kwa sababu alilirudia: kale, kale. Nikadhani anasimulia mambo ya zamani.

Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Nizime?"

Alitikisa kichwa. Tulisikiliza mpaka wimbo ukaisha na sauti ikaisha nao.

"Anaongea na mdogo wake wa Tanga," akasema baadaye. "Anasema daktari amemwambia moyo umechoka, asibebe kitu kizito. Anasema nisiambiwe mpaka harusi ya binti yetu ipite. Kale. Kwetu kale ni kesho. Ni jana vilevile, ni neno moja. Anasema, nitamwambia kesho."

Niliangalia sakafu.

"Siku ile maji hayakuwepo," aliendelea, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nikamwambia, lete ndoo mbili, mimi napika. Alijua. Akachukua ndoo, akashuka."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na koleo mkononi. Nilimwomba radhi.

"Kwa lipi? Ulikuja kutengeneza waya." Kisha akauliza kama naweza kumnakilia sauti ile kwenye kanda. Niliinakili siku ileile, nikampa, nikaondoka. Jioni shangazi aliniuliza kwa nini sili.

Kwa wiki kadhaa niliisikia sauti ile kila nilipofungulia redio, chini ya taarabu, chini ya taarifa ya habari. Nilikuwa nikizima na kusikiliza, kuhakikisha kwamba hakuna mtu.

Mwezi wa pili baada ya hapo mama alikuja dukani mwenyewe. Alisimama nje ya kaunta kati ya wateja, nami nikatoka kumlaki.

"Nilikwenda Tanga," akasema. "Nikaweka kanda mezani kwa shemeji, nikaicheza kwenye redio yake. Alilia kama mtoto. Tangu msiba alikuwa hanipigii simu. Mimi nikidhani ananilaumu kwa zile ndoo. Kumbe anajificha, anadhani nimejua alichonificha."

"Sasa mnaongea, mama?"

"Kila Jumapili. Tunagombana. Namwambia angeniambia. Ananiambia aliapishwa." Akashusha pumzi. "Hatujamaliza. Sijui kama tutamaliza."

Nilimuuliza kama muziki unakwenda vizuri. Akasema unakwenda vizuri sana, haukatiki hata mara moja, na kwamba siku hizi alasiri hukaa jikoni, karibu na lile dirisha linaloingiza upepo. Kisha akaniuliza pilipili manga nzuri inapatikana upande gani wa soko. Nilimwonyesha kwa mkono, akaingia katikati ya watu.