Chakula Nilichokikataa Thika

Usiku kucha swali moja lilininyima usingizi: nikila chakula cha watu ninaowaomba msaada, si itakuwa rushwa? Nilitaka wanisaidie kufungua chumba Ruiru, ambapo vibarua wa mashamba ya kahawa ya Wazungu wangepata ushauri wa sheria bure. Basi asubuhi, mimi mhitimu wa sheria wa juzi, nikajaza tumbo kwa githeri, mahindi na maharagwe ya nyumbani, kabla ya kwenda Thika kwenye hekalu la Masingasinga.

Mwenyekiti wa kamati yao ya sadaka, mzee mwenye kiwanda cha mbao, alinikaribisha sakafuni tule kwanza.

"Asante, mzee," nikasema kwa sauti ya hakimu. "Haki hailishwi na tajiri."

Mzee akacheka. "Tajiri gani, kijana? Chakula hiki ni cha hekalu, bure kwa kila mtu aingiaye. Huyu kando yangu amenishtaki kortini, na anakula!"

"Na kesi nitaishinda," jirani yake akajibu, chapati mdomoni.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini wawili hao walinisogezea nafasi katikati yao bila kinyongo, na moyo wangu ukajaa shukrani. Nikaketi, nikapokea dengu kwa mikono miwili, nikala yote.