Tulibadilisha system ya kompyuta kabla ya mazishi, backup ya maneno ya mke wangu ikakataa kufunguka

Wakuu, salamu kutoka Kasikeu. Mimi si mtu wa kuandika sana, na shule yangu haikufika mbali. Nitawaambia ilivyokuwa, hata pale panaponiuma.

Ni mambo ya miaka ya tisini. Mke wangu, Mama Mwende, alikuwa karani wa kanisa letu. Ofisi ilikuwa na kompyuta ya DOS, ile ya skrini nyeusi, na yeye peke yake ndiye aliyeielewa.

Alipougua na kuona hatapona, aliniambia, "Siku yangu msinitungie sifa. Nimeandika maneno yangu mwenyewe, yako kwa kompyuta ya kanisa."

Nikamwambia anisomee.

"Utasikia na wenzako, Baba Mwende. Haraka ya nini? Kwani nishaenda?" Akacheka mpaka akakohoa.

Alifariki kabla ya mvua.

Mdogo wake Musyoka alikuja kutoka Nairobi, alikokuwa akifanya kazi ya kompyuta. Aliangalia karatasi ya programu ya mazishi ya jirani, iliyochapishwa na mashine ile ile, akatikisa kichwa.

"Shemeji, dada yangu hatazikwa na herufi za risiti. Nimekuja na Windows mpya. Tuta-upgrade, tuweke picha yake na maua."

"Na maneno yake?"

"Nafanya backup kwanza. Hakuna kitu kitapotea."

Shida ikawa kupata disketi za kuwekea hiyo backup. Kasikeu maduka yalikuwa na misumari, sukari na mbegu za mahindi. Tulituma mtu mjini Salama, akarudi mikono mitupu.

Musyoka akafungua droo, akatoa disketi zenye program za ile system ya zamani. "Hizi ni za nini tena, na tunahamia mpya?" Akazifuta, akaweka backup humo.

Mchungaji alikuwepo, akakubali. Mimi pia nilikubali. Simlaumu Musyoka peke yake.

Kisha akafuta kila kitu ndani ya kompyuta, akaweka Windows. System mpya ilipowaka, rangi zilijaa skrini. Mama Kioko wa ushirika wa akina mama akasema, "Wee! Inang'aa kuliko sisi tuliooga." Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Kisha Musyoka akaingiza disketi ya kwanza.

Ikakataa. Akaitoa, akaipangusa na shati, akairudisha. Ikakataa tena.

"Ni nini?" nikauliza.

"Hii mpya haisomi backup ya ile ya zamani. Inataka program ile ile iliyoiandika."

"Si urudishe hiyo program?"

Aliangalia disketi mkononi, akakaa chini.

"Shemeji, ndiyo tuliyoifuta kwenye hizi disketi. Tumeandika juu yake."

Hakuna aliyecheka tena.

Nitawaambia kinachoniumiza zaidi. Printa ilikuwa pale pale na ilikuwa inafanya kazi. Tungechapisha maneno yake kwanza, hata kwa herufi mbaya. Hatukufikiria, kwa sababu tulitaka yatoke yakiwa mazuri.

Mchungaji akasema tuandike tu kitu kifupi, watu wanamjua. Nikakataa. Programu ilitoka nzuri kweli, picha na maua, na ukurasa wake mmoja mtupu.

Kanisani nilisimama nikasema, "Mke wangu aliandika maneno yake. Tumeyapoteza tukitafuta herufi nzuri. Mimi sitamtungia." Nikakaa.

Baada ya mazishi Musyoka alitafuta Nairobi. Alipata program yenye jina lile lile lakini toleo lingine, ikakataa. Tulipokuja kupata toleo lenyewe, disketi moja ilikuwa imeharibika, na ndiyo iliyokuwa na faili yake.

Mama mkwe wangu aliishi Mbooni, kule milimani. Kila nikipanda kumsalimia, kabla sijapewa chai, aliuliza, "Mashine imekubali? Mwanangu alisema nini?"

Hakujua kompyuta ni nini. Alitaka tu kujua kama kuna mahali ametajwa.

Ningeweza kumwambia ndiyo, ametajwa. Wengine walinishauri hivyo. Lakini sikuwa nimeyasoma maneno yenyewe, na sikutaka kumwekea mke wangu maneno mdomoni. Nilimwambia, "Sijui, mama," mpaka naye tukamzika.

Nilichojifunza: kabla ya ku-upgrade, jaribu backup yako kwenye mashine nyingine yenye system mpya, ukione kitu kikifunguka kwa macho yako. Usifute program iliyoiandika. Chochote usichoweza kupoteza, kichapishe kwenye karatasi.

Na kama mtu wako ameandika kitu na bado yuko hai, mwombe akusomee. Akikataa, mwombe tena. Mimi niliomba mara moja tu.

Kama backup yako iliwahi kukukatalia hivi, niambieni mlifanyaje. Na uliyefanikiwa kufungua, andika pia. Nitasoma, na nitafurahi kwa ajili yako.