Kifaransa na Ugali wa Shangazi Skolastika

Niliamini, mwanangu, kwa moyo wangu wote na kwa tumbo langu lote, kwamba mla ugali wa muhogo hawezi kusema Kifaransa. Cheka tu. Mimi mwenyewe nikikumbuka nacheka mpaka wajukuu wananiletea maji. Lakini wakati ule sikucheka. Nilifunga.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka kijijini Sibwesa kuja Mpanda mjini. Mchana nilifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, jioni nikasoma sekondari ya watu wazima. Darasa letu lilikuwa na watu wa kila namna: fundi cherehani, mgambo, mama mmoja aliyekuja na mtoto wa kunyonya. Mbu wa darasa lile walikuwa wengi na hawakosi hata siku moja, nadhani walikuwa wameandikwa kwenye rejista. Na katika masomo yote mimi nilikipenda zaidi Kifaransa. Nilijiona tayari nimesimama ufukweni Karema, Ziwa Tanganyika, boti za Kongo zinaingia, mimi natafsiri, watu wananipisha. Nilipofika Karema kweli, miaka mingi baadaye, Wakongo wale walinisalimia kwa Kiswahili, tena kitamu kuliko changu. Haya, hayo tuyaache.

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Siriaki, mtu mpole aliyesoma Burundi utotoni kabla wazazi wake hawajahamia makazi ya wakimbizi ya Mishamo. Tatizo langu lilikuwa ile sauti ya Kifaransa inayotoka nusu mdomoni, nusu puani. Kila nikiijaribu, darasa lilisikia mbuzi aliyebanwa na mlango. Wakacheka. Nikaanza kusema chinichini. Ndipo yule fundi cherehani, jina lake Kashindye, niliyekaa naye dawati moja, akanivuta pembeni.

"Deusi, kwenu unakula nini?"

"Ugali wa muhogo. Kwani vipi?"

"Ndiyo hapo sasa! Ule ugali unanata, unashika ulimi kama gundi. Umewahi kumwona Mfaransa anakula ugali wa muhogo?"

Kweli sikuwahi. Ila, mwanangu, sikuwahi kumwona Mfaransa akila kitu chochote, maana sikuwahi kumwona Mfaransa. Hilo halikunijia kichwani. Nilijiambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja, nikarudi nyumbani nimeshakata shauri.

Nyumbani ni kwa Shangazi Skolastika, dada yake baba. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mume wake alifariki kwa homa ya siku tatu tu. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake. Muhogo wake aliumenya mwenyewe, akauloweka, akauanika juu ya bati, akautwanga na kuuchekecha, ukawa mweupe kuliko kanzu ya padri siku ya Pasaka. Ugali wake ulivutika vizuri kiasi kwamba ukikata tonge, linakufuata lenyewe mpaka mdomoni. Pembeni kipande cha samaki mkavu wa ziwani, mgebuka, au kisamvu cha karanga.

Jioni ya kwanza nikamwambia nimeshiba. Ya pili, tumbo linauma. Ya tatu, nimekula kazini. Sikumwambia kweli, kwa sababu nilitaka siku moja nimshtukize kwa Kifaransa kinachotiririka. Nikawa nakula skonzi njiani, nimegeukia ukuta kama mwizi. Wiki tatu! Nilikonda mpaka kivuli changu kikaona haya kutembea nami. Na yule mbuzi wa puani? Alikuwa palepale mlangoni.

Nyie vijana wa leo mnakula mnapotaka, labda hamlijui jambo hili. Kwetu, ukikataa chakula cha mtu unayelala chini ya paa lake siku moja, watu watasema unaumwa. Ukikataa wiki, mna ugomvi. Ukikataa wiki tatu bila kusema sababu, umeshamwita mchawi na mdomo hujafungua. Ni kama umewatangazia majirani kwamba umeona kitu kwenye chungu chake.

Jirani yetu Mama Tausi alikuja jioni moja kuomba chumvi, akaiona sahani yangu imefunikwa, imepoa.

"Bado hali?" akauliza.

"Hali," shangazi akajibu.

Mama Tausi akachukua chumvi yake akaondoka. Ilitosha. Maneno yale ya kwamba homa ya siku tatu ya mumewe haikuwa ya kawaida, yaliyokuwa yamelala, yakaamka. Bombani wanawake wakawa wananyamaza shangazi akifika na ndoo. Kisha ukatokea msiba mtaa wa pili. Shangazi akapika kama wenzake, akajitwika beseni, akapeleka. Beseni likarudi kama lilivyokwenda. Hakuna aliyekata hata tonge moja.

Nilimkuta amekaa jikoni, beseni liko mbele yake, kanga ya msibani hajaivua.

"Deusi, baba yangu," akasema. "Watu wa mtaani siwaulizi. Nakuuliza wewe. Umeota nini juu yangu?"

"Sijaota kitu, shangazi."

"Basi umeambiwa nini?"

Nikamwambia. Kashindye, gundi, ulimi, Mfaransa. Nilijisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa yanatoka, kila moja jinga kuliko lililotangulia. Akanitazama, akalitazama beseni.

"Bora ungesema mchawi," akasema. "Hilo ningelielewa."

Mwanangu, nimewahi kupigwa fimbo na baba yangu, tena baba yangu alikuwa na mkono wa kung'oa kisiki. Haikuniuma kama sentensi ile.

Jumatatu saa kumi na moja jioni, kipindi kimeanza, tukasikia hodi. Shangazi huyo mlangoni, amevaa nguo zake za kanisani, kichwani hotipoti.

"Shikamoo, mama," Mwalimu Siriaki akasema.

"Marahaba, mwalimu. Samahani, mimi sikusoma. Nina swali moja tu, halafu naondoka. Eti huu ugali wangu unazuia Kifaransa?"

Darasa likalipuka. Mgambo alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kashindye akazama chini ya dawati kutafuta kalamu ambayo haikuwa imedondoka. Mimi niliomba ardhi inimeze, lakini ardhi ya Mpanda ni ngumu, haimezi mtu hovyo.

Mwalimu hakucheka. Aliweka chaki mezani, akanawa mikono, akafungua hotipoti. Akakata tonge, akachovya kwenye mchuzi, akala. Akala la pili. Alipofika la tano tukaanza kuwa na wasiwasi na kipindi. Kisha akasimama akasema sentensi moja ya Kifaransa, ndefu kama treni ya kwenda Tabora, imepita puani yote, haijakwama popote. Ndipo akamgeukia shangazi.

"Mama, mimi meno yaliniota nikila ugali wa muhogo. Mama yangu alinipikia huu huu. Chakula chako hakina kosa lolote. Kijana wako hajui Kifaransa kwa sababu anasema chinichini. Anaogopa kuchekwa. Asome kwa sauti."

Basi, hayo tu. Wiki tatu nilitafuta kosa kwenye sahani ya watu, kumbe lilikuwa kwenye woga wangu mwenyewe.

Darasa zima lilikula siku ile, hata Kashindye alitoka chini ya dawati akaomba tonge, na shangazi akampa. "Kula, mwanangu," akamwambia, "labda utapata akili." Lakini mimi nilijua mambo hayajaisha. Waliokula ni wanadarasa. Waliolirudisha beseni lake ni watu wa mtaa, na hao hawasomi Kifaransa.

Kesho yake nikatoa kigoda nje, nikakiweka kando ya njia ya kwenda bombani, saa ile ile wanawake wanapokwenda kuchota maji. Nikamwomba shangazi aniletee chakula pale. Nikala, mwanangu. Nilikula kwa matonge makubwa ya kuonekana toka stesheni. Siku ya kwanza Mama Tausi akapita kama hanioni. Ya pili akapunguza mwendo. Nikaendelea, siku moja manyunyu yakanikuta na tonge mkononi, sikuinuka. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Jioni moja akasimama, ndoo kichwani.

"We Deusi, umepona?"

"Nimepona, mama. Nilikuwa naumwa ujinga. Karibu."

Wenzake wawili nao wakasimama nyuma yake. Halafu akaitua ndoo, akanawa mikono kwa maji yake mwenyewe, akachuchumaa, akakata tonge kwenye sahani yangu. Shangazi alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Akageuka akaingia ndani haraka, nikamsikia anapenga kamasi.

Kifaransa nilifaulu, si kwa kishindo, lakini nilifaulu. Nilikuwa nasoma kwa sauti kule mashineni, nashindana na injini, mpaka wateja wakadhani nauombea mchele.

Sasa nikwambie ninachotaka kukwambia. Kuuliza si ujinga, ila mchague wa kumuuliza. Jambo la darasani lina mwalimu wake, na anayekaa nawe dawati moja naye amekuja kujifunza kama wewe. Kujifunza lugha ya watu ni kukubali kuchekwa kwanza, mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hakuna chakula wala dawa itakayokuinamia wewe. Tena, ukiacha kitu cha mtu anayekupenda, mwambie sababu, hata ikiwa ya kijinga. Ukinyamaza, ukimya wako atautafsiri peke yake, na mtaa utamsaidia kuutafsiri vibaya. Na ukishamharibia mtu jina mbele za watu, usije ukamwomba radhi chumbani ukaona umemaliza. Toka nje. Kaa njiani. Rudia mpaka watu wachoke kukuona.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe mwalimu mvumilivu na mdomo usioogopa kukosea. Elimu yako iwe pana kiasi cha kumwingiza kila aliyekulea, na wale wanaokusubiri nyumbani leo Mungu awabakize mpaka wakuone umefika.