Sikio la Pampu

Kaka yangu tulimwita Jogoo kwa sababu kazi yake ni kuamsha. Si watu, pampu za majitaka. Kila shimo la pampu lina kikompyuta ndani ya sanduku la bati, na hicho hulala muda mwingi ili kisile umeme. Kinachobaki macho ni kidude kimoja cha mtandao chenye taa ya kijani. Jogoo hukiita sikio. Akituma ujumbe kutoka ofisini, sikio linasikia, kikompyuta kinaamka, pampu inavuta uchafu. Miaka tisa sasa, na wenzake hawachoki kumtania: "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe."

Kisha akaja meneja mpya, ambaye hadi leo nikimkumbuka natema mate. Alipita kukagua, leso puani, akaiona ile taa kwenye shimo la mtaa wetu.

"Hii mbona inawaka? Nilisema kila kitu kilale!"

Akachomoa waya kwa mkono wake. Hakumwambia mtu.

Jumatano mvua ilianza asubuhi. Jogoo akatuma ujumbe. Kimya. Akatuma tena na tena, mpaka akanipigia simu: "Kimbia kwa mama!" Shimo liko nyuma ya nyumba ya mama, na mama hatembei bila fimbo.

Harufu ilinipokea kona ya mtaa. Ndani maji meusi yalifika magotini, na yaliyoelea ni mavi, sina neno la adabu. Mama alikuwa juu ya meza, fimbo mapajani, anatazama godoro lake likizunguka chumba. Nilitapika humo humo, haikuongeza kitu.

Jogoo alifika, akafungua sanduku. Waya ulikuwa umekunjwa vizuri, umefungwa kwa mpira. Akauchomeka, akabonyeza simu yake, pampu ikanguruma.

Maji yalipopungua, meneja akatokea mlangoni na leso yake.

"Fundi, ulikuwa umelala?"

Jogoo akamwonyesha ule mpira.

"Aa, huo... nilikuwa naokoa umeme."

"Si ulisema kila kitu kilale?" Jogoo akamjibu.

Mama akashuka mezani polepole, akalielekezea fimbo godoro lililokuwa linachuruzika.

"Kumbe ni wewe, baba. Karibu. Kitanda kiko tayari, lala."