Sarafu za Papa Mkwe, Ndimu na Majivu

Nikisema nilimwaibisha baba mkwe wangu mbele ya wazee wa Ganshoren, mtaa wa hapa Brussels, kwa ndimu na majivu mtacheka, basi chekeni sasa mmalize, maana mimi mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka, na hasira ninayo, na bado sijui nimkasirikie nani.

Papa Zakaria alikuwa mwalimu Bukavu. Vita vilipotutoa kule hakubeba hata suruali ya kubadili, alibeba kopo la sarafu za shaba, zile za Kongo ya zamani zenye tundu katikati na nyota, alizoachiwa na babu yake. Hapa Brussels hakuwa mtu tena. Alikaa kwetu anatazama ukuta, mpaka akajuana na wazee wanaokusanya sarafu, wanaokutana Jumamosi katika sale, ule ukumbi wa parokia. Wakamwambia alete zake wazione, zikiwa katika hali nzuri watamwandikisha awe mwenzao. Wiki nzima papa alitembea nyumbani kama mtu aliyerudishiwa darasa lake.

Jumamosi yenyewe akaenda kunyolewa. Akaniachia kopo. "Maman Neema, utanikuta kule. Usichelewe."

Bon. Nikafungua nione ninachobeba. Vitu vya kahawia, vyeusi-vyeusi, utadhani vimeokotwa chooni. Sasa mimi, mtoto wa Bukavu, nivipeleke hivyo kwa watu? Kwetu hata sufuria ya kuazima unairudisha inang'aa kuliko ulivyoichukua, la sivyo mtaa mzima utakusema. Nikasugua moja tu, ya kujaribu: ndimu, chumvi, na majivu (ya jirani Mreno anayechoma samaki kwenye balkoni, msiniulize niliyaombaje). Ikatoka rangi ya waridi, inang'aa kama sufuria ya harusi. Lakini hiyo moja ikafanya zingine zionekane chafu zaidi, donc nikasugua ya pili, na ya tatu, mtoto wangu Neema amelala mgongoni, mpaka nikamaliza kopo zima huku naimba.

Nikafika kabla ya papa. Meza ya karibu alikaa maman mmoja mzee, glavu nyeupe mikononi, anashika sarafu kwa ukingo tu kama anashika kifaranga. Zake nazo zilikuwa za kahawia. Nikamuuliza kwa nini hazisafishi.

"Lakini Madame, hiyo rangi ndiyo ngozi yake," akasema. "Imeota miaka na miaka. Ukisugua umeichuna, na hairudi tena." Kisha akacheka. "Kuna watu wanatumia hata ndimu. Fikiria."

Nikafikiria.

Hapo ningekaa kimya nimsubiri papa mlangoni nimwambie ukweli, tukarudi nyumbani. Sikukaa. Nikaingia jikoni mwa sale, nikakuta mashapo ya kahawa bado ya moto, nikazika sarafu humo, halafu nikazipaka mafuta ya Neema zisionekane kavu. Zikatoka kahawia. Ukisimama mbali, na macho yako mabovu, na unanipenda, ungesema ni zilezile.

Papa akaingia, kichwa kimenyolewa, tai ya mume wangu shingoni. Hakufungua kopo, alilichukua mkononi mwangu akalipeleka moja kwa moja kwa président wao, mzee mrefu mwenye kioo kidogo cha kukuza jichoni. Watu wakasogea. Président akashika ya kwanza kwa ukingo, ikamteleza, ikaanguka mezani. Akaichukua tena. Akaitazama sana. Moyo ulinidunda mpaka nikaogopa utamwamsha mtoto. Kisha akainusa.

"Monsieur," akasema polepole, "hii ni kahawa."

Mmoja nyuma akacheka. Président akaifuta kwa kitambaa, na pale kahawa ilipotoka pakawa pa waridi, mikwaruzo ya majivu ikaonekana hata bila kioo.

"Kusugua ni ujinga, tunasamehe," akasema. "Lakini kusugua halafu kuficha, hiyo tunaiita kudanganya wenzako."

"Ni mimi," nikasema. "Yeye hajui kitu."

"Nyamaza, Maman Neema," papa akaniambia kwa lugha yetu, bila kunitazama. Akawageukia kwa Kifaransa chake kile cha ubaoni. "Kopo ni langu." Akakusanya moja moja, akafunga, akawaaga kila mmoja kwa mkono.

Kituo cha basi nikashindwa kuvumilia. "Papa, miaka miwili nyumba moja, hata siku moja haukuniambia hazisuguliwi."

"Na wewe, miaka miwili, haukuniuliza hata siku moja ni za nini."

Neno hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Hawakumwandikisha. Na yeye hakurudi tena kule, ingawa yule maman wa glavu alituma salamu. Mimi nimeapa: kitu cha muntu nikikikuta kichafu, kitabaki kichafu mpaka mwenyewe anipe ruhusa kwa mdomo wake. Siwezi kusema ananinyima chochote papa, chakula changu anakula, mtoto anambeba. Ila tangu siku ile mashati yake anafua mwenyewe. Namsikia bafuni anasugua, anatia sabuni nyingi mno, nami nasimama mlangoni na sithubutu kumwambia.