Goti la Baba

Viatu vya kuazima vya kutelezea kwenye theluji vinanuka miguu ya kila aliyevivaa kabla yako. Ni vya plastiki ngumu, vinabana kifundo, na ukitembea navyo unakwenda kama bata aliyeshiba. Mpaka leo nikikuta soksi mbichi zimeanikwa juu ya hita, harufu ile inanirudia. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi Kigoma miaka miwili nyuma, tukaletwa ughaibuni, tukaishi Weston, ghorofa ya saba, mto Humber ukionekana dirishani umeganda. Ninayoyasimulia ni ya majira yale ya baridi, na ni habari ya goti la baba yangu.

Kila Ijumaa shule ilitupakia basi hadi kaskazini, kupita Richmond Hill, tukajifunze kushuka mlima kwa mbao mbili miguuni. Kwanza mwalimu alitufundisha kuanguka: ukiona unakwenda kasi, kaa chini, lalia ubavu. Kisha kujizuia: ncha za mbao zikaribiane mbele, visigino uvisukume nje, kama paa la nyumba. Wenzangu walishika siku ileile. Mimi miguu ilikataa katakata. Ncha zilipandana, nikala theluji, watoto wa chekechea wakanipita wakiimba. Nilirudi nyumbani nikilia. Baba alikuwa akifanya kazi kiwandani, anasimama kwa saa nane akipakia biskuti kwenye maboksi. Akaniambia, "Ijumaa nakuja mwenyewe nikuone." Akaomba ruhusa kazini. Laiti wangemnyima!

Alikuja na koti lake la kanisani, akasimama chini kabisa mwa mteremko, akinipungia mkono. Jamani, nilitaka anione! Nikajikaza kisabuni, nikapanda juu kuliko nilivyoruhusiwa, ujinga wangu mtupu. Mbao zikashika kasi. Nikajaribu lile paa la nyumba, wapi. Nikakumbuka: kaa chini. Nilikuwa nimeshakunja magoti niliposikia, "Simama! Mama, simama!" Baba aliniita mama tangu nizaliwe, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Alimaanisha nisiendelee, kama unavyomwambia dereva. Lakini mimi nilikuwa nainama nikae, na kwetu mtoto akiambiwa na baba yake simama, anasimama. Nikanyooka wima. Baba akaingia njiani, mikono wazi, anidake.

Mimi sikuumia hata ukucha. Goti lake lilivunjika, na mlio wake niliusikia. Walimpasua mara mbili, lakini kazi ya kusimama saa nane ikawa basi, na ya kukaa hakuna aliyempa, kwa Kiingereza chake kile. Mama akachukua zamu juu ya zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee, tukawa tunamwona kwa nadra. Baba akabaki dirishani akitazama mto. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonimaliza. Nami sikumwambia mtu yeyote kwa nini nilinyooka.

Leo binti yangu anateleza kila Jumamosi. Akianguka anainuka mwenyewe, hangoji amri ya mtu, na mimi hubaki garini nimeinamisha kichwa, siangalii. Baba amezeeka, na Kiingereza kidogo alichokiokota kimemtoka chote. Juzi nilimpeleka kwa mtaalamu wa viungo, naye akaniambia wazi: mzee asipoinuka mwenyewe leo, mazoezi yanaishia hapo, ni kiti cha magurudumu mpaka mwisho. Akaniomba nimweleze mzee kwa Kiswahili. Nikapiga magoti mbele ya baba, nikamshika mikono.

"Simama, baba."

Akanitazama usoni. Kumbe miaka yote hii alijua kwa nini nilinyooka.

"Simama ipi, mama?" akauliza taratibu. "Ya kuinuka, au ya kuacha?"

Mtaalamu akataka kujua mzee amesema nini. Sikuweza kumtafsiria, na baba hakuinuka.