Ubeti wa Tatu

Miaka thelathini na minne alifundisha jiografia, na miaka arobaini alibeba sifa ya mwanamke aliyemfungia mume wake nje. Kazi ya kwanza alistaafu, akapewa cheti na saa ya ukutani. Ile ya pili haikuwa na wa kumstaafisha, maana iliimbwa redioni kila Jumapili mchana.

Wimbo wenyewe unaitwa "Komeo". Mume wake, mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi wa bendi, aliutunga mwaka wa sita wa ndoa yao. Katika ubeti wa kwanza mwanamume anarudi kutoka safarini na kukuta komeo limeshuka. Katika ubeti wa pili anabisha hodi, anabembeleza, anaita jina, ndani kimya. Kisha tarumbeta inaingia, inalia, inalia tena, na wimbo unakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Msikilizaji anabaki na picha ya mke mwenye roho ya jiwe, na kwa kuwa mji mzima ulimjua mtunzi na ulimjua mke wake, jiwe hilo lilikuwa na anwani.

Wanafunzi waligonga madawati mara tatu kila alipoingia darasani. Mwalimu akawaambia wafungue ukurasa wa mito na mabonde. Sokoni wauza nyanya walimwita Mama Komeo, naye akawajibu kwa kuchagua nyanya moja moja, akiigeuza kila moja juani, mpaka wakajuta kumwita. Hakujitetea hata siku moja. Alikuwa amesoma, alikuwa amelelewa akaleleka, na aliona mtu mwenye heshima zake hasimami njiani kubishana na wimbo.

Mume alikuwa amekwisha kufariki, huo ukiwa mwaka wa sita, siku wageni wawili walipobisha hodi asubuhi. Mmoja alikuwa mzee aliyepiga tarumbeta kwenye bendi ile, ambaye watu bado wanamwita Tarumbeta ingawa meno ya mbele yalishamuaga na hapulizi tena chochote isipokuwa chai ya moto. Wa pili alikuwa katibu wa kamati ya wanamuziki wa zamani, mtu mzima mwenye kipara, aliyewahi kufundishwa na Mwalimu na ambaye mpaka leo hakai mbele yake kabla hajaambiwa akae.

Shida yao ilikuwa moja. Ukumbi wa zamani wa dansi ulikuwa umekarabatiwa, na Jumamosi alasiri ungefunguliwa upya. Kitinda mimba wa Mwalimu, binti anayetengeneza muziki kwa kompyuta katika chumba cha nyuma, aliomba kuimba "Komeo" siku hiyo kwa namna yake. Kamati haikutaka, lakini haikuwa na nguvu ya kumkataza mtoto asiimbe wimbo wa baba yake. Ndiyo sababu walileta barua iliyokwisha kuchapwa, ya familia kuukataza wimbo huo usiimbwe. Ilibaki sahihi ya mjane tu.

Tarumbeta hakuzunguka mbuyu. Alisema muziki wa siku hizi hauna pumzi, kwa sababu mashine haipumui. Alisema ngoma zake ni za kopo, maneno yake ni ya kuokoteza, na unazaliwa Ijumaa, ukifika mwezi ujao hakuna anayeukumbuka. Wao walifanya mazoezi kila siku kuanzia saa nane mchana, shati likiloa mpaka likakaukia mwilini. Leo mtoto anabonyeza kitufe na kuitwa msanii.

Mwalimu alimsikiliza, na kusema kweli, mengi alikubaliana naye. Wiki tatu nzima wimbo huo ulikuwa ukipenya ukutani na kumkuta jikoni, ngoma zikigonga kama fundi bati mwenye hasira. Alishamwambia binti yake kwamba vidole vya baba yake viliota sugu, na yeye je, ameota nini? Binti akamwonyesha macho yaliyoiva kwa kukesha kwenye kioo cha kompyuta, akamwambia, hii hapa sugu yangu, mama. Mwalimu akaguna akaondoka.

Kwa hiyo alichukua kalamu bila kinyongo. Lakini hakuwahi kutia sahihi karatasi ambayo hajaisoma, akavaa miwani. Aya ya kwanza ilikuwa salamu. Ya pili ilihusu heshima ya marehemu. Ya tatu ilisema binti ameongeza ubeti wa kujitungia, wenye maneno ambayo marehemu hakuyasema kamwe na yanayomvunjia hadhi.

Mwalimu akaiweka kalamu mezani.

Siku ile bendi iliporekodi "Komeo", yeye alikuwepo. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani na maikrofoni moja katikati, na kila mpigaji alipangiwa mahali pake kwa chaki sakafuni. Mwimbaji alisimama karibu. Besi hatua tatu nyuma. Tarumbeta, kwa kuwa sauti yake ilimeza kila kitu, aliwekwa mlangoni, uso ukutani. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu na kidogo, hivyo fundi mitambo alikaa nyuma ya kioo na saa yake: akiinua kidole, imebaki nusu dakika, akikunja ngumi, mwisho. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya sanduku la ngoma akisahihisha madaftari, na alikiona kidole kikiinuka. Kila mtu alikiona, isipokuwa kijana aliyeuangalia ukuta. Alitakiwa kupuliza mzunguko mmoja. Utamu ulimkolea, akapuliza wa pili. Mume wake alipofungua kinywa kuanza ubeti wa tatu, ngumi ilikuwa juu. Bendi nyingine ilishajaa kwenye ujia na vyombo vyake, ikawa basi.

Wimbo ulipendwa vile vile ulivyokatika, na kwenye kumbi watu walidai upigwe kama ulivyo kwenye santuri. Ubeti wa tatu ukabaki wa kuimbwa nyumbani, mbele ya kioo, wakati wa kunyoa ndevu. Huko ndiko binti alikoupata. Na Mwalimu hakuwahi kumuuliza mume wake kwa nini hakuupigania. Alijua. Ubeti ule unasema komeo halikufungwa hata usiku mmoja. Ni mwanamume ambaye hakurudi. Ziara ya bendi ilikuwa imekwisha, wenzake wakarudi, yeye akakaa miezi minne kwenye mji mwingine, kwenye nyumba nyingine. Aliporudi alikuta mlango wazi na chakula kimefunikwa. Kuutangaza ubeti huo kungemsafisha mke na kumchafua baba wa watoto. Mwalimu alichagua kuchafuka yeye.

"Shemeji," alisema, "ubeti wa tatu ametunga nani?"

"Si ni huyo binti yako."

"Niangalie mimi, achana na zulia."

Mzee akainua macho, akayashusha tena.

"Ulipuliza mara mbili," Mwalimu alisema.

Katibu, aliyekuwa akipekua faili lake, aliacha kupekua.

"Ni zamani hiyo, shemeji. Nilikuwa kijana. Na watu waliupenda hivyo hivyo."

"Waliupenda. Mimi ndiye niliyeuvaa."

Tarumbeta akasogea kwenye kiti, akashusha sauti, akapiga pale alipojua panauma. Aliuliza kama kweli Mwalimu anataka ukumbi mzima usikie kwamba marehemu aliitelekeza nyumba yake. Afikirie wajukuu. Afikirie jina.

Hilo jina Mwalimu alikuwa amelifikiria kabla ya yeyote kati yao kuota mvi.

"Mwenye jina alisimama mbele ya maikrofoni akiwa tayari kukiri," alisema. "Hakuogopa. Tuliomficha ni wewe na mimi, wewe kwa tarumbeta na mimi kwa kunyamaza. Mimi leo nimeacha."

"Lakini ule ndio wimbo wenyewe wa zamani. Wa asili."

"Wa asili upi? Alioutunga yeye, au uliobaki baada yako?" Mwalimu alivua miwani. "Na hayo ya mashine na makopo, baba yangu aliyasema juu yenu, neno kwa neno, siku mume wangu alipokuja kuniposa na gitaa la umeme mgongoni. Nilimbishia baba yangu mzazi. Ninyi ni nani?"

Mwalimu aliifuta aya ya tatu kwa mstari mmoja ulionyooka, akafuta na ya pili, akaandika chini yake kwa mwandiko wa ubaoni kwamba familia inaruhusu, kwamba beti zote tatu ni za marehemu na zitaimbwa zote, na kwamba tarumbeta, kama ipo, itapulizwa mara moja. Akatia sahihi. Katibu alisoma, akasema sawa, Mwalimu.

Walipokwisha kuondoka, binti alitoka chumba cha nyuma. Alikuwa amesikia yote, na uso ulikuwa umempauka.

"Mama, watu watasema."

"Watasema. Wamekuwa wakisema tangu hujazaliwa. Safari hii angalau waseme kweli."

"Nilifikiria ule mstari wa nyumba nyingine niufiche kidogo ndani ya ngoma. Usisikike sana."

"Zinyamazishe ngoma pale. Kila neno lisikike mpaka viti vya nyuma. Baba yako hakuung'ata ulimi, na wewe usiung'ate."

Binti akatikisa kichwa kukubali, akasimama pale pale kama anayesubiri kitu kingine. Huenda alitarajia kukumbatiwa, au kusifiwa.

"Na usije ukadhani nimebadilika," mama yake alisema, akikusanya vikombe vya wageni. "Muziki wetu ulikuwa bora kuliko huu wenu."

"Najua unavyoona, mama."

"Si ninavyoona. Ndivyo ulivyo. Jumamosi nitakaa kiti cha mbele, na sitacheza."